Zamu wa mfalme analalaka wapi?

Mu michezo mikubwa ya teatre tunakumbuka wafalme na mabinti wao. Lakini ule anayelinda maiti, ule anayechimba kaburi, ule anayeshika taa, yeye alitoka wapi? Swali liliulizwa mu lupango letu, na mtu ambaye hakusoma teatre hata siku moja.

Ile jioni umeme ulikatika, kama kawaida. Watoto wa lupango hawakuingia mu nyumba. Walikaa chini ya mti wa maembe, kitabu kimoja kwa watu saba, wanajifunza mchezo wa ku masomo. Mchezo wenyewe ni Antigone. Mwalimu wao wa Kifaransa aliwaambia kila mtu ashike maneno yake kichwani mbele ya mwezi kuisha.

Mnajua watoto. Kila mmoja alitaka kuwa mkubwa. Wasichana watatu waligombana juu ya Antigone. Wavulana wawili walitaka kuwa mfalme. Mtoto mfupi kuliko wote alibakia bila kitu, njo wakamwambia: "Basi, weye utakuwa zamu." Kidogo tu angelia.

Jirani yetu alikuwa amekaa ku kiti chake karibu na ukuta, anasikiliza. Ni mzee aliyefanya kazi mu mashimo ya shaba miaka mingi. Watoto wanamwita Nkambo. Kifaransa cha kitabu hakimwendei sana, lakini watoto walikuwa wanaeleza kila kipande mu Kiswahili. Walipofika mwisho, mzee akauliza neno moja:

"Ule zamu, analalaka wapi? Eko na bibi?"

Watoto wakacheka. Mkubwa wao akamjibu kwa heshima: "Nkambo, ule haina muntu mukubwa. Anakuya, anasema, anaenda."

Mzee akatikisa kichwa. "Njo vile banasemaka na juu yetu."

Ile usiku sikulala vizuri. Nilichukua kitabu, nikasoma tena, safari hii nikamfuata zamu peke yake, kama vile mtu anavyofuata mshipa wa shaba mu jiwe. Na niliona kama mzee alikuwa na haki. Wale watu wadogo wa teatre wako na maisha. Mwandishi aliacha alama zake mu maneno yao. Sisi tu njo hatukuzitazama.

Mtu aliyepigiwa kura

Kwanza tueleze mchezo, kwa wale ambao hawaujui. Sophocle aliuandika mu mji wa Athènes, inchi ya Ugiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ndugu wawili wamepigania utawala wa mji wa Thèbes na wameuana. Mjomba wao Créon anakuwa mfalme. Anaamuru: Étéocle azikwe na heshima yote, lakini Polynice, aliyeleta jeshi la kigeni, abakie juu ya majani, ndege na mbwa wamle. Mwenye kumzika atakufa. Dada yao Antigone anakataa. Anaenda kumwagia ndugu yake udongo. Anakamatwa, anahukumiwa, anafungiwa akiwa mzima mu pango la mawe.

Sasa, nani anamkamata? Zamu. Sophocle hakumpa hata jina. Anaingia mara mbili, anatoka, basi. Lakini tazama maneno yake.

Mara ya kwanza anakuja kumpasha mfalme habari kama mtu amemwaga udongo juu ya maiti. Hasemi moja kwa moja. Anasema hakukimbia mu njia. Alisimama mara nyingi, akageuka, akaanza tena, moyo wake unabishana na yeye mwenyewe. Nani kati yetu hajui ile njia? Ni njia ya mfanyakazi anayeitwa ku biro, na hajui kama atarudi na kazi yake.

Kisha anasema namna walivyoshtakiana wao kwa wao. Kila zamu alisema ni mwenzake. Walikuwa tayari kushika chuma chekundu mu mikono na kupita mu moto, waape kama hawakufanya. Wale waliofanya kazi ku matanuru wanajua chuma chekundu ni kitu gani. Mtu hatamki lile neno kama hana woga mkubwa. Mwishowe walipiga kura nani aende kwa mfalme. Kura ikamwangukia yeye.

Hapa tusimame kidogo. Kura ikamwangukia yeye. Maana yake wenzake walibakia pale ku kilima, wanafurahi ndani ya moyo. Labda mmoja alimwambia: "Ukiuawa, nitaangalia watoto wako." Labda hakuna aliyesema kitu. Mchezo hausemi. Lakini mtu aliyeshinda kura ya kufa anapita karibu na nyumba yake wakati wa kwenda. Aliingia kuaga bibi yake? Ao alipita bila kutazama mlango, juu akiutazama miguu itakataa?

Mara ya pili anarudi na Antigone. Anaeleza kazi yao kama mtu wa kazi: walipangusa udongo juu ya maiti, ikawa wazi tena, wakaenda kukaa ku kilima, kule upepo unatokea, harufu isiwafikie. Walichungana, ule anayesinzia anatukanwa. Saa sita ya mchana, jua kali, upepo wa vumbi ukafunga macho. Vumbi lilipotua wakamwona binti, analia kama ndege aliyekuta kiota chake kitupu.

Halafu anasema kitu ambacho mfalme hakusema mu mchezo wote: anafurahi kuokoka, lakini inamuuma kupeleka mu taabu watu anaowapenda. Na anamaliza: pamoja na ile yote, maisha yangu kwanza.

Watu wengi wanacheka pale. Mwalimu anaweza kusema ni mwoga. Mimi nasema: ule mtu anamjua Antigone. Aliona akikomaa. Labda mama yake alipika mu jikoni la mfalme. Labda alimfungulia mlango mara mia moja alipokuwa mtoto. Sophocle ametupa sentensi moja, na ile sentensi iko na nyumba nzima ndani.

Jonas na barua yake

Ile ambayo watoto wetu wanasoma ku masomo ni ya Mfaransa Jean Anouilh. Ilichezwa mara ya kwanza mu Paris, mwezi wa pili 1944, wakati Wadachi walikuwa bado wanakalia ule mji. Anouilh alichukua hadithi ya Sophocle, akaivalisha nguo za siku zake. Na zamu akapata jina: Jonas.

Jonas yuko na miaka 17 ya kazi. Yuko na medali. Anaogopa wakubwa. Na alipobakia peke yake na Antigone, saa chache mbele ya kifo chake, anamwongelesha juu ya nini? Juu ya mshahara! Anamweleza tofauti ya mlinzi na sajini wa jeshi: huyu anapata hivi, yule anapata vile, nyumba, makaa ya kuota moto, posho ya mtu mwenye watoto. Antigone anataka kujua kufa kunauma namna gani. Yeye anahesabu faranga.

Nilipomsomea Nkambo kile kipande, hakucheka. Alisema: "Ule muntu anaogopa. Kama unaogopa, unahesabia bintu bidogo."

Kisha Antigone anaomba Jonas amwandikie barua ya mwisho. Anampa pete yake ya dhahabu, ya pekee aliyo nayo. Jonas anakubali. Anaandika polepole mu kitabu chake kidogo, ananyonya kalamu, anarudilia kila neno na sauti yake nzito. Wakati anauliza barua ni ya nani, wale wengine wanaingia kumchukua binti. Jina halikutajwa.

Basi, tufikiri. Mwisho wa mchezo wafalme wamelia, watu watatu wamekufa, na walinzi wanacheza karata, kama vile hakuna jambo. Lakini mmoja kati yao yuko na karatasi mu mfuko. Barua bila jina. Na pete. Je, alimpa bibi yake ile pete? Alimwambia ilitoka wapi? Ao aliiuza sokoni, anunue viatu vya watoto? Barua aliichoma? Au aliificha chini ya godoro, na kila akihama nyumba anaihamisha nayo?

Anouilh hakusema. Aliacha mlango wazi. Mtu anaweza kuingia.

Mchimbaji wa Denmaki

Sasa tuje kwa mtu ambaye wachimbaji watampenda mara moja. Mchezo ni Hamlet, wa Mwingereza Shakespeare, ulioandikwa karibu na mwaka 1600. Kila mtu anajua picha ya mwana wa mfalme anayeshika kichwa cha mfu mu mkono. Lakini kile kichwa, nani alikitoa mu udongo? Mchimba kaburi. Huyu naye hana jina.

Anachimba huku anaimba. Hamlet anashangaa: mtu gani anaimba ndani ya kaburi? Rafiki yake anamjibu kama ni mazoea ya kazi. Kila mtu aliyeshuka mu shimo anajua ile jibu. Anayeimba hasahau mahali alipo. Anaimba kusudi mikono iendelee.

Na tazama maarifa yake. Hamlet anamuuliza mtu anakaa muda gani mu udongo mbele ya kuoza. Anajibu bila kufikiri: miaka minane, ao tisa. Lakini fundi wa ngozi anamaliza tisa, juu ngozi yake mwenyewe imekauka na kazi yake, maji hayaingii upesi. Ile siyo maneno ya kitabu. Ni maneno ya mtu aliyefungua udongo, akaona, akakumbuka, akapima. Ni kama wazee wetu wanaochukua jiwe mu mkono, wanalitazama ku jua, wanakwambia shaba ni nyingi ao kidogo, mbele ya laboratware kusema kitu.

Huyu Shakespeare ametupa hesabu yake. Mchimbaji anasema alianza kazi siku ile mfalme mzee alipomshinda Fortinbras, siku ile ile Hamlet alipozaliwa. Na amefanya ile kazi miaka 30. Maana yake, mwana wa mfalme na jembe la mchimbaji wako na umri moja. Wakati mu nyumba kubwa wanapiga ngoma juu mtoto amezaliwa na vita imeshindwa, kijana mmoja anapewa jembe. Kwa nini siku ile? Vita imeisha, maiti ni nyingi. Wanahitaji mikono. Yeye huenda alikuwa na miaka 15, 16. Siku yake ya kwanza ya kazi alizika labda watu wa kijiji chake.

Tena kuna kile kichwa. Anasema ni cha Yorick, mchekeshaji wa mfalme, aliyezikwa miaka 23 iliyopita. Basi Yorick alizikwa wakati mchimbaji yuko na miaka saba ya kazi. Alijuaje ni yeye? Fuvu la mtu halina uso. Lakini anakitaja bila shaka yoyote. Na anaongeza jambo moja: ule Yorick, siku moja, alimwagia chupa nzima ya divai ku kichwa.

Sasa njo mtu anaweza kukaa na kuwaza. Mchekeshaji wa mfalme na mchimba kaburi walikuwa wanakunywa pamoja! Hamlet analia juu ya Yorick aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Lakini yule mwingine pia alikuwa rafiki yake, na njo yeye aliyemzika. Miaka 23 alijua mahali ambapo rafiki yake analala. Leo anapaswa kumtoa, juu nafasi imekuwa ndogo na kuna maiti ya binti mkubwa inakuja. Anamtoa, anatania, anaendelea kuchimba. Hamlet anapata maneno mazuri ya kusema. Mchimbaji anapata jembe.

Na yule mtu hajui kama anaongea na mwana wa mfalme. Hakuna anayemwambia. Kama mtu angemwambia, angenyamaza, na tusingejua kitu.

Mtumishi aliyesema "acha"

Mu mchezo mwingine wa Shakespeare, Mfalme Lear, kuna mtu mdogo kuliko wote hawa. Maneno yake yanaenea mu mistari michache. Mtawala mmoja, Cornwall, amemfunga mzee Gloucester ku kiti, anamtoboa macho. Watumishi wamesimama pembeni. Jicho la kwanza limetoka. Halafu mtumishi mmoja anasema: bwana, zuia mkono wako. Anasema amemtumikia toka utoto wake, lakini hakumfanyia kazi nzuri kupita hii ya leo, ya kumwambia aache.

Wanapigana. Bibi wa mtawala anachukua upanga, anampiga mtumishi kwa mgongo. Anakufa. Wanaamuru maiti yake itupwe ku jalala. Lakini mtawala naye amepata kidonda, na kile kidonda kinamuua. Mfalme mwenyewe alishindwa, wakubwa walishindwa. Mtumishi bila jina alibadilisha njia ya mchezo.

Toka utoto, anasema. Basi alikula chakula cha ile nyumba. Alivaa nguo za ile nyumba. Siku ngapi alinyamaza mbele ya ile siku? Aliona mangapi? Na wale wenzake wawili waliobakia hai: mu kitabu kilichochapwa 1608, wanasema wataleta kitani na ute wa mayai, wampake mzee ku uso unaovuja damu. Mu kitabu cha 1623 yale maneno hayako. Mtu aliyatoa. Fikirini: hata ule wema mdogo wa watumishi ulikatwa, na kama hakukuwa na kile kitabu cha kwanza, tusingejua kama mtu alienda kutafuta mayai.

Waliofungua mlango

Kuwaza maisha ya watu wadogo siyo mchezo wa watoto tu. Mu 1966, Mwingereza Tom Stoppard alichukua vijana wawili wa Hamlet, Rosencrantz na Guildenstern, wanaotumwa huku na huku na wanakufa bila kujua sababu, akawafanya wao wakubwa wa mchezo. Sasa Hamlet njo anapita mbio pembeni. Mu 1969, Aimé Césaire wa Martinique alichukua Tufani ya Shakespeare, akamsimamisha mtumwa Caliban mbele, akamfanya mtu mweusi anayedai uhuru wake na anayekataa jina alilopewa na bwana. Na ule Césaire njo aliyeandika juu ya Lumumba na inchi yetu, Une saison au Congo, mu 1966. Kati ya mawaziri, mabalozi na majenerali, aliweka mpiga sanza, mtu wa barabarani, bila jina. Wakubwa wanasema uongo, yeye anapita anaimba.

Kwa Kiswahili vilevile. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapwa mu 1963. Ule mchezo unaanza na nani? Siyo Kaisari. Unaanza na wafanyakazi: seremala na fundi wa viatu. Wakubwa wawili wanawasimamisha mu njia, wanawagombeza: leo ni siku ya kazi, vyombo vyenu viko wapi, mbona mnatembea? Fundi wa viatu anajibu na mzaha. Kisha wanatoka na hawarudi tena. Mtu yeyote aliyesimamishwa ku barrière bila karatasi anawajua wale wawili.

Na hapa kwetu Lubumbashi, Groupe Mufwankolo ilicheza miaka mingi mu Kiswahili, ku radio na ku televizyo, bila karatasi ya kusoma. Wachezaji walikubaliana juu ya hadithi, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake mwenyewe. Mu mchezo wa namna ile, hata anayefungua mlango tu lazima ajue yeye ni nani. Kama hajui, atasema nini?

Tunafanya namna gani ku nyumba

Wazazi, hii mnaweza kuijaribu na watoto, umeme ukiwa umekatika. Hakuna gharama. Chukueni mchezo wowote wa ku masomo, chagueni mtu mdogo kuliko wote, mumuulize maswali haya:

Leo asubuhi alikula nini, na nani alipika?

Ile kazi alifundishwa na nani?

Ana deni kwa nani?

Anaogopa nani, na anapenda nani?

Kama hatarudi leo jioni, nani ataenda ku mlango kutazama?

Sheria ni moja: usipingane na kitabu. Kama kitabu kinasema miaka 30, ni miaka 30. Kama kinasema alipigiwa kura, alipigiwa kura. Unachimba palepale alama ilipo. Ukienda mbali na alama, unachimba tu udongo.

Na mtoto aliyezoea yale maswali atayauliza siku moja ku historia yetu pia. Mu Desemba 1941, wafanyakazi wa migodi waligoma hapa Élisabethville, juu ya mshahara. Askari waliwapiga risasi ku kiwanja cha mpira. Jina la Léonard Mpoyi limebakia mu vitabu. Lakini yule aliyesimama nyuma yake? Aliamka saa ngapi? Bibi yake alikuwa amemwambia nini ile asubuhi? Ku karatasi za kampuni za wakati ule, mtu alikuwa nambari. Nambari haiogopi, haina deni, haiimbi. Mtu njo anafanya vile.

Neno la Nkambo

Niliahidi mwenyewe nisiandike hii habari mbele ya kumuuliza mzee kwa nini aliuliza lile swali. Siku ya Yenga nilienda kukaa naye. Bibi yake alituletea munkoyo. Nikamwambia: "Baba, ile siku, kwa nini zamu?"

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kama, mbele ya kustaafu, mgongo ulipokuwa umemshinda, walimtoa mu shimo wakampa kazi ya zamu. Shimo moja lilikuwa limeanguka na watu ndani. Wakubwa waliamua kulifunga. Waliweka waya, wakamweka yeye. Amri: mtu asipite.

"Usiku mwanamuke moja alikuya," akasema. "Aliniambia: Baba, bwana yangu eko mule mu bulongo. Nipatie njia, nimumwangie udongo kidogo na mukono yangu, nirudie. Nikamuambia: hapana, mama, rudia ku nyumba. Nilikuwa na batoto bane. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kama kapita anajua, tutalala inje. Akabakia pale ku waya. Akachota udongo wa hapa inje, akautupa kule, kwa mbali. Upepo ukaurudisha. Akatupa tena. Akatupa tena. Miye nikageuka, nikatazama ngambo ingine."

Bibi yake alikuwa amesimama ku mlango na kopo mu mkono. Miaka yote ile hakuwa amesikia ile habari. Akauliza polepole: "Na jina yake?"

"Sikumuuliza," mzee akajibu. "Njo ile inaniumiza. Ningemuuliza hata jina."

Nilimwomba ruhusa niandike. Akasema andika, lakini usiandike mahali wala kampuni, juu wale wote wamekufa ao wameenda, na watoto wao ni majirani. Nimefanya vile.

Jioni ile watoto walirudi chini ya maembe. Nkambo akamwita yule mfupi, zamu, akamweka kati ya magoti yake. Hakumweleza habari yake. Alimwambia tu: "Weye haina mudogo. Weye njo ulikuwa pale."

Ku masomo, siku ya mchezo, nilikuwa nimekaa nyuma na wazazi wengine. Antigone alilia vizuri, Créon alipiga kelele vizuri. Mwisho, walinzi wakakaa chini wakacheza karata, kama kitabu kinavyosema. Lakini yule mfupi, mbele ya kutupa karata yake, aliingiza mkono mu mfuko, akatoa karatasi, akaitazama, akaikunja, akairudisha. Hakusema neno. Kitabu hakimpi neno pale.

Nkambo alikuwa kando yangu. Akavua kofia.